Nenosiri Halizuii Mawimbi: Wi-Fi, Kuta na Sitara ya Nyumba Yako

Watu wengi wakishaweka nenosiri gumu kwenye ruta huhesabu kwamba nyumba imefungwa. Nenosiri lina kazi yake, tena kubwa: linaficha ujumbe, picha na miamala inayopita hewani kati ya simu na ruta. Mawimbi yenyewe hayafungiki. Yanatoka kwenye antena, yanapita mlangoni, dirishani na ukutani, yanamgusa kila aliye njiani, na yanapofika barabarani yamekwisha kubadilishwa na miili yaliyokutana nayo. Mwenye kifaa cha kuyapima anaweza kusoma mabadiliko hayo bila kujua hata herufi moja ya nenosiri lako.

Mwaka 2025, Julian Todt, Felix Morsbach na Thorsten Strufe wa Taasisi ya Teknolojia ya Karlsruhe, Ujerumani, walionyesha jambo hili limefika wapi. Waliwapitisha watu 197 kwenye eneo lenye Wi-Fi, wakaifundisha kompyuta namna mwili wa kila mmoja unavyoyavuruga mawimbi, kisha wakaijaribu ikiwatambua. Ilipatia kwa kiwango kinachokaribia asilimia 100, hata pembe ya kumtazamia mtu ilipobadilika. Mtu huyo hakuhitaji kubeba simu. Ilitosha kwamba vifaa vya wengine vilikuwa vikizungumza na ruta wakati yeye anapita.

Walichokitumia ndicho kinachopaswa kumshtua mwenye nyumba. Ruta za kizazi cha Wi-Fi 5 na vilivyofuata hazimwagi mawimbi kila upande kwa usawa. Huyaelekeza pale simu ilipo ili intaneti iwe na kasi. Ili ruta ijue pa kuelekeza, simu hurudisha taarifa fupi ya namna ilivyoyapokea mawimbi. Taarifa hiyo husafiri waziwazi, haifichwi kwa nenosiri lolote, na aliye jirani anaweza kuidaka. Ndani yake mna alama ya kila mwili uliokuwa kati ya simu na ruta.

Mawimbi yanaonaje

Wi-Fi ni redio. Ruta nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Urefu wa wimbi la kwanza ni kama sentimita 12 na nusu, na wa la pili ni kama sentimita 6. Mawimbi ya kiasi hicho hupenya mbao, kioo, jasi na tofali, yakipungua nguvu kadiri kizuizi kinavyokuwa kinene na kizito. Mwili wa binadamu, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni maji, huyameza kiasi na kuyarudisha kiasi.

Kwa hiyo kipokezi kilichomo chumbani hakipati wimbi moja tu. Kinapata lililokuja moja kwa moja, lililogonga dari, lililogonga kabati, lililokugonga wewe, na yote yanafika yakiwa yamejumlishana. Kabati haliondoki mahali pake, hivyo mchango wake katika jumla ile ni uleule asubuhi na jioni. Wewe ukiinuka kitini, jumla nzima inabadilika. Ukilala, kifua kikipanda na kushuka, inabadilika kidogo sana lakini kwa mpangilio, na kompyuta inayofuatilia kwa makini huweza kuhesabu pumzi zako.

Anachokipata mpimaji ni kama kivuli kwenye pazia wakati taa inawaka ndani. Aliye nje haoni sura wala rangi ya nguo. Anajua kwamba kuna mtu, anajua kama amesimama au anatembea, na akishamzoea anaweza kumtambua.

Safari ya kufika hapo imechukua miaka mingi. Mwaka 2009, Joey Wilson na Neal Patwari wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walizungushia nyumba vifaa vidogo vya redio 34, vyote vikiwa nje ya kuta, wakaweza kufuatilia mtu anayetembea ndani. Hapakuwa na haja ya kamera wala ya yeye kuvaa chochote. Kilichohitajika ni vifaa vingi na muda wa kuvipanga, jambo ambalo mwizi au mdaku hawezi kulifanya bila kuonekana.

Mwaka 2013, Dina Katabi na mwanafunzi wake Fadel Adib, katika chuo cha MIT, walilipunguza zigo hilo hadi antena tatu. Shida yao kubwa ilikuwa ukuta wenyewe: mwangwi wa ukuta una nguvu kuliko mwangwi wa mtu aliye nyuma yake, hata unaumeza kabisa. Wakapanga antena mbili zirushe mawimbi yanayofutana yanaporudi kutoka kwenye vitu visivyosogea. Ukuta ukafutika, meza zikafutika, akabaki anayesogea. Mwaka 2018 maabara hiyohiyo ya Katabi ikaenda mbali zaidi. Kwa kutumia mawimbi ya masafa yanayokaribiana na ya Wi-Fi na kompyuta iliyofundishwa kwa picha za kamera, ilichora umbo la mtu aliye ng'ambo ya ukuta, mikono na miguu yake ikionekana kama vijiti vilivyounganishwa. Katika jaribio la kumtambua mtu miongoni mwa watu 100, mfumo ulipatia kwa asilimia 83.

Mwisho wa 2022 wakaja watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ambao walitumia ruta za kawaida za dukani, za takriban dola 30 kila moja, kukisia umbo la miili ya watu chumbani. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima ikisema kwamba Wi-Fi sasa inaona kupitia ukuta. Hapo msomaji apunguze mwendo. Majaribio yale yalifanywa ndani ya vyumba, ruta zikiwa pande mbili za watu waliopimwa, na watafiti wenyewe waliandika kwamba mfumo hukosea mtu akikaa mkao usio wa kawaida au watu wakizidi wawili.

Naeleza hayo kwa sababu hofu isiyo na kipimo humfanya mtu atumie fedha ovyo. Wi-Fi haisomi barua iliyo mezani. Haioni sura, haimwonyeshi mtu akiwa uchi, haitoi picha ya kuwekwa mtandaoni. Kutambua mtu fulani kwa mawimbi kunahitaji mfumo umfahamu kwanza. Programu za simu zinazodai kukuonyesha aliye nyuma ya ukuta ni utapeli mtupu, maana mifumo ya simu za kawaida haizipi programu vipimo vya kina vya mawimbi vinavyohitajika kwa kazi hiyo. Programu kama hiyo ikikuomba ruhusa ya kuingia kwenye picha, mahali ulipo na orodha ya majina, ifute haraka, kwa kuwa inayopekuliwa hapo ni simu yako.

Isitoshe, elimu hii imeokoa watu. Baada ya tetemeko la Nepal la mwaka 2015, kifaa cha rada kilichobuniwa na shirika la NASA kiligundua mapigo ya moyo chini ya kifusi huko Chautara, na wanaume wanne wakatolewa wakiwa hai. Mwaka huohuo Katabi na Adib walimwonyesha Rais Barack Obama, kwenye Ikulu ya Marekani, kifaa kinachotambua mzee anapoanguka chumbani bila mzee kuvaa kitu. Mwenye mama anayeishi peke yake anajua thamani ya kifaa hicho. Sitaki mawimbi yapigwe marufuku. Nataka mwenye nyumba awe ndiye anayeamua.

Nani wa kuangaliwa

Aliye nje, asiye na idhini, ndiye anayeogopwa zaidi kwenye habari. Yupo. Mwaka 2020 kundi la watafiti wakiwemo Haitao Zheng na Ben Zhao wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza shambulio lisilohitaji kuingia ndani wala kurusha chochote. Mshambuliaji anapita nje ya jengo na kipokezi kidogo, anakisia runinga, spika na kamera za Wi-Fi ziko chumba gani kwa kupima nguvu ya mawimbi yake, kisha anaketi mahali pamoja na kusikiliza. Mtu anapopita karibu na runinga, mawimbi ya runinga yanatikisika. Anapohamia jikoni, yanatikisika ya kifaa cha jikoni. Kila kifaa cha Wi-Fi ulichonunua kinakuwa shahidi wa chumba chake.

Miaka miwili baadaye Ali Abedi wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, pamoja na Deepak Vasisht, walirusha droni ya dukani ikiwa na vifaa vya takriban dola 20. Walitumia tabia moja ya Wi-Fi: kifaa kikitumiwa ujumbe hujibu papo hapo kwamba kimeupokea, hata kama mtumaji hayumo kwenye mtandao huo na hana nenosiri. Muda wa jibu unatoa umbali. Droni ikizunguka jengo na kupima kutoka sehemu nyingi, inapata mahali kilipo kila kifaa kwa kukosea kiasi cha mita moja. Simu na saa zikionekana zimelala chumba cha nyuma, sebule haina mtu; mlinzi wa benki mwenye simu mfukoni anaweza kufuatiliwa hatua kwa hatua.

Pamoja na hayo, mimi simwogopi mwenye droni kama ninavyomwangalia mwenye ruta. Mtu wa droni anahitaji ujuzi, muda na sababu ya kukuandama wewe. Kampuni inayokupa intaneti imekwisha kuweka kifaa chake sebuleni kwako, chenye umeme saa zote, na inakisasisha kutoka mbali. Nchini Marekani kampuni ya Comcast imewapa wateja wake wa Xfinity huduma ya kutambua mwendo nyumbani kwa kutumia ruta na vifaa vichache vilivyo majumbani mwao, kama printa au runinga. Mteja huiwasha mwenyewe akipenda. Lakini masharti ya huduma hiyo yanasema kampuni inaweza kutoa taarifa zilizopatikana kwa watu wengine, ikiwemo katika uchunguzi wa vyombo vya dola, bila kumjulisha tena mteja. Waswahili waishio Marekani wenye ruta hizo wafungue programu ya Xfinity leo na kuangalia kama huduma imewashwa.

Jambo hilo halitabaki Marekani. Mwaka 2020 taasisi ya wahandisi IEEE iliunda kikundi cha kuandika kiwango kiitwacho 802.11bf, na mwaka 2025 kiwango hicho kilichapishwa. Kinaeleza namna ruta, simu na runinga za makampuni mbalimbali zitakavyopima mazingira kwa mawimbi na kupeana vipimo. Kilichokuwa kazi ya maabara kinaweza sasa kuuzwa ndani ya boksi la kawaida, na ruta zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, na mtaa wa Luthuli, Nairobi, hutoka kwenye viwanda vilevile vinavyofuata viwango hivyo.

Yupo na wa tatu, ambaye hatajwi sana: mtu wa karibu. Mwenye nyumba anayewagawia wapangaji Wi-Fi kutoka kwenye ruta yake. Mume au mke anayetaka kujua nani aliingia mchana. Mwajiri aliyempa mfanyakazi wa ndani chumba na kukiwekea kifaa cha kutambua mwendo kinachofanana na kitoa harufu. Siku hizi kuna vihisi vya rada vya bei nafuu, vya gigahezi 24 na 60, vinavyojua kama chumba kina mtu hata akikaa kimya. Hivyo havihitaji utaalamu wa chuo kikuu. Vinahitaji programu ya simu na soketi.

Kuta za kwetu

Aina ya ukuta ina maana. Jasi na mbao, ambazo hutumika kugawanya vyumba kwenye ofisi na fleti nyingi mpya, karibu hazizuii kitu. Tofali la saruji la inchi sita hupunguza mawimbi lakini hupitisha. Zege lenye nondo hupunguza zaidi. Kuta nene za mawe ya matumbawe za Lamu na Mji Mkongwe, pamoja na kuta nene za udongo, hupunguza sana, na udongo wenye unyevu hupunguza zaidi ya mkavu. Bati huyarudisha mawimbi, ila kwenye nyumba ya mabati mawimbi hutokea madirishani, mlangoni na kwenye uwazi kati ya ukuta na paa. Ndiyo maana rangi na stika zinazouzwa kwa madai ya kuzuia mionzi sizipendekezi. Kuzuia mawimbi kwa kweli kunataka chumba kizima kifunikwe kwa chuma bila upenyo, na humo simu yako pia haitashika mtandao.

Njia rahisi ya kupima nyumba yako haina gharama. Washa Wi-Fi kwenye simu, toka nje, zunguka nyumba polepole: barabarani, uchochoroni, upande wa jirani, ngazi za fleti. Popote simu inaposhika mtandao wako, mtu mwingine naye anaweza kusikiliza akiwa hapo, na mwenye antena nzuri atasikia kutoka mbali zaidi. Weka kumbukumbu ni upande gani unavuja zaidi. Kazi iliyobaki itategemea hapo.

La kufanya

Anza na mahali pa ruta. Mafundi wengi huiweka pale waya wa faiba unapoingilia, ambapo mara nyingi ni ukuta wa mbele, karibu na dirisha linalotazama barabara. Mwombe fundi avute waya hadi katikati ya nyumba, au nunua waya mrefu kidogo uihamishe mwenyewe. Ikiwa katikati, vyumba vyako vyote vinapata mtandao vizuri na kinachotoka nje kinapungua. Kisha ingia kwenye mipangilio ya ruta utafute nguvu ya kurushia mawimbi. Nyingi zina ngazi tatu, na kwa kawaida huja zikiwa kwenye ile ya juu. Shusha hadi ya kati au ya chini, tembea vyumbani, na kama simu bado inashika vizuri, iache hapo. Rudia mzunguko wako wa nje uone tofauti.

Masafa ya gigahezi 5 hupungua nguvu ukutani haraka kuliko ya 2.4. Simu na kompyuta mpakato zikitumia hayo ya 5, uvujaji unapungua. Ukitaka kuyazima kabisa ya 2.4, angalia kwanza vifaa vyako, maana balbu za Wi-Fi na kamera nyingi za bei nafuu zinajua hayo ya 2.4 tu na zitakatika.

Halafu hesabu vifaa. Fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye ruta, usome jina moja baada ya jingine pamoja na watu wa nyumbani. Utakuta runinga, kisimbuzi, spika, simu ya zamani iliyo kabatini, printa isiyotumika. Kumbuka utafiti wa Chicago: kifaa kisichohama kinachorusha mawimbi muda wote ndicho kinachomsaidia msikilizaji. Runinga na kisimbuzi havisogei, kwa hiyo viunganishe na ruta kwa waya wa mtandao, kisha uzime Wi-Fi yake ndani ya mipangilio. Utapata na picha isiyokwama. Kisichotumika kichomoe. Usinunue balbu, feni au pasi yenye Wi-Fi kwa sababu tu bei imeshuka. Kabla ya kununua jiulize chumba hicho kinahitaji shahidi wa kazi gani. Chumba cha kulala, kwa maoni yangu, hakihitaji hata mmoja.

Ile taarifa inayorudishwa na simu, iliyowawezesha watafiti wa Karlsruhe, inaweza kupunguzwa pia. Ruta kadhaa zina kipengele kinachoitwa Beamforming, na kingine kinachoitwa MU-MIMO. Ukivizima, ruta haiombi tena taarifa hizo. Kasi itashuka kidogo, hasa vifaa vikiwa vingi. Kwa familia ya watu wanne inayotazama video na kutuma ujumbe, tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mwanahabari anayekutana na vyanzo vyake nyumbani, wakili, mtetezi wa haki au mwanamke aliyemkimbia mume mkatili, mabadilishano hayo yanafaa kabisa.

Zima ruta usiku na unaposafiri. Hakuna ulinzi unaoshinda mawimbi yasiyokuwepo. Kipima muda cha kuchomeka kwenye soketi kinaweza kuifanya kazi hiyo bila wewe kukumbuka. Ila kama kengele ya wizi au kamera ya getini inategemea mtandao huo, iache iwake, maana nyumba isiyo na kengele ina hatari iliyo karibu zaidi kuliko mtu wa droni.

Nenosiri usilidharau kwa sababu ya niliyosema mwanzoni. Halizuii mawimbi, lakini linamzuia mtu asiingie ndani ya ruta na kuwasha huduma ambazo wewe hukuziwasha au kusoma orodha ya vifaa vyako. Badilisha nenosiri la Wi-Fi, na badilisha pia lile la kuingilia kwenye mipangilio, ambalo kwenye ruta nyingi huachwa kama lilivyotoka kiwandani. Chagua ulinzi wa WPA3, au WPA2 kama ruta ni ya zamani. Zima WPS, ile ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe. Sasisha programu ya ruta. Wageni, runinga na kamera ziweke kwenye mtandao wa wageni, mbali na simu na kompyuta zenu. Kamera ya ndani yenye nenosiri la kiwandani inatoa picha kamili, yenye sura na sauti, kwa yeyote atakayeipata. Mtu anayehangaika na mawimbi huku ameacha kamera hiyo sebuleni ameanzia pasipofaa.

Wapangaji wana mtihani wao. Ruta ikiwa ya mwenye nyumba, mipangilio huna. Unachoweza ni kuuliza kwa heshima kama ina huduma ya kutambua mwendo, kupunguza vifaa vyako mwenyewe, kutumia waya inapowezekana, au kununua kifurushi chako. Kagua chumba unapohamia: kifaa chochote kilichochomekwa kwenye soketi au kubandikwa kwenye dari, ambacho hukukileta na hujui kazi yake, kiulizie, na usipopata jibu la kueleweka kichomoe ukamkabidhi mwenye nyumba mbele ya shahidi.

Sheria inasemaje

Kesi inayotajwa sana ni ya Marekani. Mwaka 1992, huko Florence, jimbo la Oregon, maofisa walielekeza kamera ya joto kwenye nyumba ya mtu aitwaye Kyllo wakiwa barabarani, wakaona sehemu yenye joto lisilo la kawaida, wakaomba hati ya upekuzi, wakakuta bangi imepandwa ndani. Tarehe 11 Juni 2001, katika kesi ya Kyllo dhidi ya Marekani, Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji watano dhidi ya wanne kwamba kupima joto la nyumba kwa namna ile ni upekuzi, na upekuzi unahitaji hati. Jaji Antonin Scalia aliandika kwamba serikali ikitumia kifaa kisicho mikononi mwa umma kujua mambo ya ndani ya nyumba ambayo zamani yasingejulikana bila kuingia, hiyo ni sawa na kupekua.

Maneno hayo ya kifaa kisicho mikononi mwa umma yananipa wasiwasi. Kamera ya joto ilikuwa adimu wakati ule. Ruta ya Wi-Fi iko kwenye nyumba nyingi. Kipimo cha kisheria kinachotegemea uadimu wa kifaa kinalegea kifaa kinapozoeleka, na hili linapaswa kuangaliwa na wanasheria wetu kabla kesi ya kwanza haijafika mahakamani.

Kwetu msingi upo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mtu, familia yake na maskani yake, na Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda haki ya faragha, ikiwemo kutopekuliwa mtu wala nyumba yake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake. Uganda nayo ilitunga sheria yake mwaka 2019, na Rwanda mwaka 2021. Chini ya sheria hizi, vipimo vya mwendo vinavyoweza kuhusishwa na mtu anayejulikana ni taarifa zake binafsi, kwa jinsi ninavyozisoma, na anayezikusanya anawajibika kusema anazikusanya kwa kazi gani.

Kwa hiyo mpigie simu anayekuuzia intaneti, au bora zaidi mwandikie ili jibu libaki na wewe. Muulize kama ruta aliyokuwekea inaweza kutambua mwendo wa watu. Muulize kama uwezo huo umewashwa, na kama unaweza kuwashwa kutoka ofisini kwake bila wewe kujua. Muulize vipimo hivyo vinahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na nani ameshawahi kupewa. Asipojibu baada ya muda wa kutosha, nakala ya barua hiyo ipeleke kwenye Tume au kwa Kamishna, ukiambatanisha jina la ruta na namba iliyo chini yake.